Lame Nne za Gari la Bwana Viraji

Mama Adelaïde, muuza samaki wa Shasha, amenitumia swali kwa mdomo wa dereva. Anataka kujua: yale majembe mawili ya dukani niliyokataliwa ukweni, nilirudi nayo kichwani au mkononi?

Mkononi, mama. Kilomita saba kwa miguu, siku ya Jumapili, na kila niliyepishana naye akaniuliza kama nimebadili dini hata nakwenda kulima siku ya Mungu.

Tuliishia hapo. Kwa aliyelikosa gazeti la juma lililopita: mimi ni Marcellin Nzabonimpa, na mwaka wa hamsini na tatu nilikuwa fundi wa magari katika shamba la pareto, kwenye vilima vya juu ya Sake, njia ya kwenda Masisi. Nilitaka kumwoa Drocella, binti wa Papa Kanyamibwa. Mshenga wangu alikuwa mzee Hakorimana, mlinzi wa depo ya shamba letu, naye pia ni mdogo wake Papa Kanyamibwa. Mzee huyo aliniombea mpaka sauti ikamkauka. Ng'ombe wangu alipokelewa vizuri. Majembe ndiyo yaliyokataliwa.

"Hii ni bati," Papa Kanyamibwa alisema, akaligonga jembe kwa ukucha. "Mama yake nilimuoa na jembe ya kufuliwa. Mutoto yangu hataolewa na debe. Leta mbili za chuma ya kweli kabla ya Pentekoste. Ukishindwa, kule Walikale kuko karani mumoja ya mugodi, anaitwa Séraphin, na anajua sana njia ya hapa."

Séraphin! Mtu mwenye baiskeli ya taa, na anaiwasha mchana.

Sikulikawiza jambo hilo. Kesho yake jioni, baada ya kazi, nilivuka bonde nikaenda kwa Nzabandora mhunzi. Nilimkuta amekaa, moto umezima, anapiga miayo.

"Papa, nifulie majembe mawili."

"Chuma iko wapi?"

"Si weye njo muhunzi?"

"Mimi niko na moto na nyundo. Chuma unaleta weye." Akaitazama mikono yangu iliyojaa grisi. "Halafu unafanya kazi mu magari na unaniuliza mimi chuma! Leta lame za resori. Kuko chuma gani inapita ile? Jembe moja inakula lame mbili."

Niwaeleze wasiojua. Resori za nyuma za gari ni vyuma virefu vilivyopinda kidogo, vimelaliana kimoja juu ya kingine, vinabeba uzito ili meno yako yasigongane njiani. Kila kimoja kinaitwa lame. Katikati ya kila lame kuna tundu, na boulon moja, yaani bolti, inapita humo kuzifunga zote pamoja. Kumbukeni hilo tundu. Mimi nililisahau.

Lame nne, basi. Ningezipata wapi? Malori ya shamba yalikuwa yanahesabiwa mpaka misumari. Niliomba, nikaulizia, nikaenda hadi Sake kutafuta gari lililokufa. Kila gari lililokufa lilikuwa limekwisha kuliwa na wahunzi wengine. Siku zilikuwa zinakwenda na Pentekoste haikuwa inaningoja.

Sasa nikuleteeni bwana wetu.

Jina lake la kweli sitalitaja, ana watoto. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Viraji, kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine: viraji tu, yaani kona za barabara, namna ya kuingia katika kiraji, namna ya kutoka, na nani aliyepinduka kwenye kipi. Alikuwa na gari dogo la kijani la viti viwili, halina paa, lililofika kutoka Mombasa juu ya mgongo wa lori. Wazungu wenye mashamba walikuwa wamepanga mashindano: kupanda kutoka Sake mpaka Masisi, mmojammoja, saa mkononi. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi baada ya Pentekoste.

Bwana Viraji alikuwa amesoma katika gazeti lake la magari kwamba gari la mbio lazima likae chini. Mbele alikwisha kuweka resori fupi za kujiviringa alizoagiza Ulaya, na zile ndefu za zamani akazitia sandukuni. Nyuma palikuwa bado juu. Gari likawa limeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji.

Mimi sikulipenda jambo hilo hata kidogo. Hakuna aliyeniuliza, lakini fundi anayejiheshimu hangoji kuulizwa. Nilikata kijiti chenye urefu wa kutoka ardhini mpaka kwenye tumbo la gari, nikashuka nacho kwa miguu kuelekea Sake, nikipima barabara. Malori yalikuwa yamechimba njia mbili za magurudumu, na katikati pamebaki mgongo wa udongo wenye nyasi. Pale kwenye kiraji kibaya kuliko vyote, nilisimamisha kijiti kwenye njia ya gurudumu. Mgongo ulikipanda kijiti karibu kukimaliza. Vilibaki vidole vitatu.

Vidole vitatu tu, na gari halijashushwa nyuma.

Nilirudi na kijiti mfukoni, nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya Kifaransa.

Jumatatu ya juma la mwisho kabla ya Pentekoste, Bwana Viraji aliniita. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, gazeti lake gotini.

"Marcellin, hapa wanaandika: gari ikikaa chini inashika barabara. Haipinduke mu viraji."

"Njo vile, Bwana."

"Sasa mbele iko chini, nyuma iko juu. Haiko muzuri. Nirudishe mbele juu, ao nishushe na nyuma?" Akainua macho. "Wewe unaona namna gani?"

Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka sita. Aliwahi kuniuliza ufunguo uko wapi, kwa nini nimechelewa, na nani amevunja taa. Ninaona namna gani, hakuwahi kuniuliza, wala yeye wala mzungu mwingine yeyote. Nilisikia kifua kinajaa. Mkono ukaenda mfukoni kushika kijiti.

Ndipo akaongeza, "Kama nashusha, nitatoa lame. Naona moja kila upande. Itatosha, hapana?"

Mkono ukasimama mfukoni.

Moja kila upande ni mbili. Mbili ni jembe moja.

Ndugu wasomaji, nimewasimulia mengi nisiyopaswa kusimulia, lakini hili ndilo linaloniumiza. Hesabu niliijua. Kwa gari lile lame moja kila upande ingelishusha tumbo vidole viwili, na lingepita juu ya ule mgongo likisugua nyasi, kidole kimoja kimebaki. Lame mbili zingelishusha vidole vinne. Ukiwa na vitatu huwezi kutoa vinne, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Tena gari lililotolewa lame mbili linakuwa laini, linanesa, na likinesa linazidi kwenda chini.

Nilijua yote hayo. Kijiti kilikuwa mkononi mwangu.

"Bwana," nikasema, "moja ni kidogo. Toa mbili."

"Mbili? Haitakuwa laini sana?"

"Mu viraji, laini ni muzuri."

Fundi gani anasema hivyo! Hata sasa ninapoandika masikio yananichoma. Bwana Viraji aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akafunga gazeti lake.

"Bon. Mbili. Lame utaziweka mu depo. Usitupe. Labda nitarudisha."

Alisema usitupe. Nilisikia kwa masikio yote mawili. Sitaki msomaji yeyote anitetee hapo.

Jumanne nilizitoa. Zile boulon ndefu za zamani hazikufaa tena, maana lame zilizobaki zilikuwa chache, nikafunga nyingine fupi. Bwana Viraji aliokota moja ya zile ndefu akaitia katika mfuko wa suruali, na tangu siku hiyo akawa anaichezea kila anapofikiri.

Lame nne nikazipeleka depo. Nikaziegemeza nyuma ya pipa la mafuta. Nikazitazama. Zilikuwa hazina kazi yoyote pale. Nikajiambia gari limekwisha kushushwa, nani atazitaka tena? Unapokitaka kitu, kichwa chako kinakuwa wakili wako bila kulipwa.

Jumatano nilizitia katika gunia. Mlangoni palikuwa na Hakorimana, kwenye kiti chake cha miguu mitatu.

"Marcellin, iko nini?"

"Chuma ya zamani, Papa. Naipeleka kwa Nzabandora."

"Ya majembe?"

"Ya majembe."

Mzee alisimama kwa furaha. Alitupa macho barabarani kama mtu anayetaka shahidi. "Nilimwambiaka kaka yangu! Nilimwambia: huyu kijana atapata, umungoje kidogo!" Na gunia hakulifungua. Aliliinua mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akanitwika begani. "Pita, mutoto wangu. Drocella amekwisha kuwa wako."

Nikapita.

Nilikuwa na tumaini moja dogo, nalo lilikuwa uvivu wa Nzabandora. Mama mmoja jirani yangu, Dancille, alimngoja miezi minne kwa panga moja. Nikasema: akikawia, huenda roho itanisuta, nitakwenda kuzichukua kabla hazijaingia motoni. Mhunzi gani huyu! Ijumaa asubuhi alinitumia habari kwamba majembe yako tayari. Siku mbili! Panga la Dancille miezi minne, na dhambi yangu siku mbili!

Yalikuwa majembe mazuri, sikatai. Mazito, meusi, makali. Lakini karibu na shingo ya kila moja palikuwa na tundu la mviringo, safi kabisa.

"Papa, na hii tundu?"

"Nilitaka kuifunga, chuma ikakataa. Iko muzito, iko kichwa nguvu." Akacheka. "Iache. Ni alama ya chuma ya kweli."

Wakati huohuo Bwana Viraji alikuwa na raha zake. Juma zima mvua ilikuwa inanyesha na kizuizi cha barabara kuu kilikuwa kimeshushwa, magari hayaruhusiwi kupita mpaka udongo ukauke. Akawa analijaribu gari ndani ya shamba, kwenye njia ya tambarare inayozunguka kikaushio cha pareto. Njia hiyo tulikuwa tunaifagia. Gari likashika kona kama limegandishwa. Jumamosi alikuja mbio karakana, uso mwekundu kwa furaha.

"Marcellin! Wewe iko ingénieur!"

Akavua koti lake la kahawia, akanipa. "Nasikia kesho unapeleka majembe kwa wakwe. Utavaa hii."

Nililipokea. Ningefanya nini? Lilinienea barabara, na ndilo koti zuri kuliko yote niliyopata kuvaa, na sikupata nafasi ya kulifurahia hata dakika moja.

Jumapili ya Pentekoste, baada ya misa, tulikwenda kwa Papa Kanyamibwa. Pombe ya ndizi ilikuwa imejaa mitungi. Hakorimana alisimama kama mshenga anavyosimama, akasema maneno yote kwa mpangilio wake, akayaweka majembe juu ya mkeka.

Papa Kanyamibwa alichuchumaa. Akagonga la kwanza kwa ukucha, akasogeza sikio. Chuma kikalia, kikaendelea kulia.

"Hii," akasema polepole, "hii inaimba."

Vigelegele! Wanawake wakaamka, Hakorimana akanikumbatia akilia. Papa Kanyamibwa akasema mbele ya wote kwamba Séraphin wa Walikale apelekewe salamu, abaki na taa yake. Halafu akaliinua jembe, akatia kidole tunduni.

"Na hii ni ya nini?"

Mdomo wangu ulitangulia akili. "Ya kutundika ku ukuta, Papa. Majembe ya sasa iko na hiyo."

"Aah!" Akawaonyesha wazee wenzake. "Munaona? Ya kutundika."

Drocella alikuwa akigawa pombe. Aliponifikia aliinama na kibuyu, akaninong'oneza bila kunitazama.

"Baba anaegemeshaka jembe na mupini. Hakuna muntu hapa anatundika jembe ku tundu."

"Ni namna ya sasa, Drocella."

"Marcellin. Kama kuko kitu, uniambie mimi kwanza, batu bengine nyuma. Leo. Mimi naweza kuvumilia kitu nimeambiwa. Sitaweza kitu nimefichwa."

Nilikuwa na maneno. Nawaapia nilikuwa nayo. Nikafungua mdomo, na papo hapo mlangoni akaingia Ndayambaje, dereva wa lori letu, suruali imejaa matope mpaka magotini, anacheka hata hawezi kusema.

"Batu ya Mungu! Kizuizi wamefungua, Bwana Viraji akaenda kujaribu barabara kubwa. Gari imekaa juu ya mugongo ya barabara! Imekaa vile tu, magurudumu inazunguka bure! Kuko malori sita nyuma yake inapiga honi! Marcellin, anakuita!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi tu nilijua ni kiraji gani kabla hajakitaja.

Drocella alikuwa bado amesimama na kibuyu mbele yangu.

"Nitarudi," nikamwambia.

"Utarudi na nini?" akauliza. Nikamfuata Ndayambaje nje.

Nilimkuta Bwana Viraji ameketi ukingoni mwa barabara, mikono juu ya magoti. Gari lake la mbio lilikuwa limelala juu ya udongo kwa tumbo, likionekana dogo kuliko siku zote. Makonda na madereva kumi na wawili waliliinua kwa mikono, kwa wimbo, wakaliweka kando. Kazi ya dakika tatu. Alitazama gari lake likiinuliwa namna ile, nikaona jambo hilo linamuuma.

Nilingoja matusi. Nilikuwa ninayatamani, kwa kweli, maana mtu uliyemkosea akikutukana mnaelekea kulipana.

"Si kosa yako," akasema. "Ni ile gazeti. Wanaandika kule barabara iko lami." Akaweka mkono begani kwangu, juu ya koti lake mwenyewe. "Siku ine zinabaki. Mbele tunarudisha zile ndefu. Kesho asubuhi unatoa lame mu depo, zote ine, unarudisha nyuma. Sawa?"

"Sawa, Bwana."

Sawa! Neno rahisi kama nini.

Kutoka pale nilikimbia moja kwa moja kwa Nzabandora, na koti, na viatu vya misa.

"Papa, jembe inaweza kurudi kuwa lame?"

Mhunzi alinitazama kama anayepima homa. Kisha akacheka mpaka koleo likamdondoka. "Ugali inarudi kuwa muhogo? Enda nyumbani, bwana harusi. Umekunywa mingi."

Sikuwa nimekunywa tone.

Njia nzima ya kurudi akili ilizunguka ikitafuta pa kutokea. Kuagiza lame mpya ni miezi. Kutengeneza nyingine kwa chuma cha kawaida, ingekatika kwenye kiraji cha kwanza na kumuua mtu. Kuyaomba majembe kwa Papa Kanyamibwa? Kwetu jembe la mahari likirudi mkononi mwa mkwe, ndoa imekufa, hata kama lilirudi kwa kuazimwa. Na hata ningeyapata ningeyafunga wapi chini ya gari?

Nikakata shauri. Kesho nitasema. Nitamtafuta Bwana peke yake kabla ya kazi, nitamwambia: lame nilizichukua mimi, unikate mshahara ninavyostahili, uandike unavyotaka katika buku langu la kazi, lakini majembe uyaache yalipo. Kisha nitakwenda kwa Drocella. Nililala nikiwa mwepesi kidogo.

Asubuhi ya Jumatatu nilifika mapema, nimelivaa lile koti ili nimrudishie. Yeye alikuwa amefika mapema zaidi.

Mlango wa depo ulikuwa wazi. Mapipa yamesogezwa. Bwana Viraji alikuwa katikati, ile boulon ndefu mkononi, anaizungusha, anaizungusha. Mbele yake alisimama Hakorimana, kofia kifuani.

"Lame ine," Bwana alikuwa anasema. "Niliona kwa macho siku ya Jumanne. Hapa, nyuma ya pipa. Leo hakuna. Hapa kitu inatoka bila wewe kuona?"

"Hapana, Bwana."

"Basi ziko wapi?"

Mzee alitazama nyuma ya pipa. Kisha akageuka, akaniona mlangoni. Alinitazama usoni, akatazama bega langu la kulia, lile alilolitwika gunia. Niliona kabisa akielewa. Ilimchukua muda mfupi tu, na uso ukamzeeka.

Nikangoja aseme. Angesema, yangekwisha.

"Sijui, Bwana," Hakorimana akasema.

Jamani! Mtu aliyeniombea mke! Hakuwa na kosa ila kuniamini, na bado akaninyamazia. Akainamisha kichwa, akashika kofia yake vizuri, akawa anangoja. Alikuwa ananingoja mimi.

"Ndayambaje!" Bwana Viraji akaita nje. "Weka lori tayari. Huyu tunamupeleka Masisi, kwa polisi. Atalala mu gereza mpaka akumbuke."

Nikaingia ndani. Nikavua lile koti, maana niliona haifai kusema neno lile nikiwa nimelivaa.

"Bwana," nikaanza.

"Subiri, Marcellin."

"Bwana, hapana, hii neno haiwezi kusubiri. Huyu muzee..."

"Nani anamufunga ndugu yangu?"

Sauti ilitoka mlangoni nyuma yangu. Nikafumba macho.

Papa Kanyamibwa alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye maharagwe yake yaliyopakana na shamba letu, magoti yana udongo. Wanawake waendao mtoni walikuwa wamemfikishia habari kwamba ndugu yake anahojiwa tangu alfajiri. Nyuma yake alisimama Drocella, anahema. Na begani mwa mzee, limekwisha kutiwa mpini mpya mweupe, lilikuwa jembe.

Hata kuungama kwangu kulichelewa. Kulichelewa kwa maneno matatu au manne.

"Bwana," Papa Kanyamibwa akasema, akalishusha jembe, akasimama wima mbele ya mzungu kama mtu aliyevaa suti. "Sisi si wezi. Baba yetu hakuwa mwizi. Kama unataka kujua nyumba yetu, usiulize mbali. Mufundi wako huyu, Marcellin, njo mukwe wangu. Jana tu amenipa majembe mawili ya chuma ya kweli. Angalia mwenyewe! Muntu anapewa mukwe ya namna hii, ndugu yake anaweza kuiba?"

Akampa jembe.

Nilimtazama Drocella. Hakuwa akilitazama jembe. Alikuwa ananitazama mimi, na machoni mwake nikaona lile alilosema jana juu ya kufichwa.

Bwana Viraji alilipokea jembe kwa adabu, akaligeuza kama anayetaka kumfurahisha mzee wa watu. Kisha mkono wake ukasimama. Akalisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akaitazama boulon iliyokuwa mkononi mwake.

Akaitia tunduni. Ikaingia yote, ikakaa pale haichezi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alilishika jembe vile vile, boulon ndani yake, akalitazama koti lililokuwa mkononi mwangu, halafu mimi.

"Marcellin," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Wewe unaona namna gani?"

Hakorimana hakuinua kichwa. Nje Ndayambaje alikuwa amekwisha kuliwasha lori.

Papa Kanyamibwa peke yake alikuwa anatabasamu. Alinisogelea, akanigusa kiwiko.

"Jibu, mukwe wangu," akaniambia. "Usiogope. Umwambie chuma ulitoa wapi."